Kwani rotwaila amefanya nini? Tueleweshane kuhusu mbwa wanaoitwa wa hatari

Kuna mtoto wa jirani aliumwa na mbwa huku kwetu Kansanga, Kampala, mguuni, nyuma ya goti, na kabla hata mama yake hajapata boda ya kumpeleka kliniki grupu ya WhatsApp ya mtaa ilishamaliza kesi. Mmoja kaandika ni pitbuli. Mwingine akasema hapana, ni ile rotwaila ya geti jeusi. Wa tatu akaleta video ya Marekani, sijui ya mwaka gani, mbwa anamburuta mtu barabarani, ati muone vile hizi mbwa ziko. Kufika jioni watu walikuwa wanapanga nani anunue sumu. Na mwenye geti jeusi, kijana mmoja wa rasta anayeuza spea za magari pale Kisekka, alikuwa kazini tangu asubuhi hajui kitu, mbwa wake yuko ndani ya ua, ukuta mrefu kunizidi.

Aliyeuma hakuwa rotwaila wala pitbuli, nitafika huko. Ila ile grupu ilinifanya nione kwamba tunaongea sana kuhusu mbwa wa hatari na hatujakubaliana hata maneno yana maana gani, kwa hiyo wacha niyafungue kidogo kidogo.

Tuanze na bridi. Bridi, au aina, ni kundi la mbwa ambao watu wamewachagua na kuwazalisha wao kwa wao vizazi na vizazi mpaka watoto wakizaliwa wanafanana na wazazi. Kama unajua ng'ombe hapo huna shida: Ankole ana pembe zake ndefu, Friziani ana mabaka na maziwa mengi, na ukipandisha Ankole kwa Ankole hutegemei atoke Friziani. Bridi nyingi tunazozisikia leo si za kale vile watu wanadhani, nyingi zilipangwa na kuandikishwa kwenye vitabu huko Ulaya karne ya 19, maonyesho ya mbwa yalipoanza kupendwa na wenye pesa, hata Kennel Club ya Uingereza ni ya 1873 tu. Rotwaila jina lake limetoka mji wa Rottweil huko Ujerumani, kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuvuta mikokoteni ya nyama. Dobamani alitengenezwa na jamaa mmoja mkusanya kodi, Louis Dobermann wa mji wa Apolda, na mimi nikikumbuka vile watu wa kodi wanavyopokelewa madukani hapa Kampala naelewa kabisa kwa nini alihitaji mbwa wa kutembea naye.

Pitbuli ndio jina lenye fujo. Watu wanadhani ni bridi moja, kumbe jina hilo wanabandikwa mbwa wa aina kadhaa wenye kichwa kipana, nywele fupi na kifua kilichojaa, pamoja na machotara wao wote. Babu zao ni wa Uingereza, mchanganyiko wa buldogi na teria, buldogi walikuwa wanatumiwa kwenye mchezo wa kumchokoza fahali aliyefungwa kamba, mchezo ukapigwa marufuku 1835, basi wapenda kamari wakahamia kupiganisha mbwa kwa mbwa kwa kujificha. Halafu kuna mbwa wetu wa kienyeji, yule wa rangi ya udongo, masikio nusu yamesimama, huyo si bridi kwa maana ya vitabu maana hakuna mtu aliyekaa akamchagulia mume au mke. Amejichagulia mwenyewe. Jalala na njaa na magari ndivyo vilivyochuja nani abaki.

Neno la pili ni hatari, na hapa ndipo tunapochanganya habari. Ukisema mbwa fulani ni hatari unaweza kuwa unasema vitu viwili tofauti. Kimoja, huyu mbwa ana uwezekano mkubwa wa kuuma. Kingine, huyu mbwa akiuma ataharibu sana. Chukua lori na boda. Lori likikugonga hujainuka, boda ikikugonga labda utatoka na michubuko na simu iliyopasuka, lakini hiyo haikwambii dereva yupi ni mlevi. Ukubwa wa bridi unakwambia habari ya lori: rotwaila wa kilo 50 mwenye taya pana akishika anararua, kijimbwa cha kilo 5 kitakutoboa suruali. Hilo sibishani nalo, na mtu anayesema mbwa wote ni sawa tu, bridi haina maana yoyote, anadanganya upande wa pili. Ukuta wa mwenye rotwaila lazima uwe imara kuliko wa mwenye kijimbwa. Ila bridi inakwambia kidogo sana kuhusu dereva, yaani tabia ya mbwa.

Kidogo kiasi gani? Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa huko Marekani uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, na mbwa zaidi ya 2,000 kati yao wakasomwa vinasaba. Bridi ilieleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwenzake. Umbo na rangi zinarithiwa vizuri, hiyo tunaiona kwa macho. Kusikiliza amri pia bridi inachangia kiasi. Lakini ile ya mbwa kuchokozeka haraka, ambayo ndiyo sisi tunaiogopa, ilikuwa kati ya tabia ambazo ukijua bridi peke yake hujajua kitu. Ni majibu ya wenye mbwa, na mtu humsifia wake, sawa, lakini wa pitbuli na wa kijimbwa cha kubeba kwenye mkoba wote wanasifia wa kwao.

Sasa mtu ataniambia, mbona kila habari ya mbwa aliyeua mtu ni pitbuli au rotwaila? Swali zuri, na jibu lake liko stendi ya boda. Pikipiki nyingi za boda hapa Uganda ni Boxer, kila kona ni Boxer, kwa hiyo ukienda wodi ya majeruhi ukauliza waligongwa na pikipiki gani utasikia Boxer, Boxer, Boxer. Je, Boxer ina jini? Haina, ni kwamba ndizo nyingi. Ili ujue kama Boxer ni mbaya kuliko nyingine lazima ujue kwanza ziko ngapi barabarani, na nani anaziendesha, na saa ngapi. Kwa mbwa hiyo hesabu karibu hakuna nchi inayo, maana hakuna anayejua kuna pitbuli wangapi, hata kwenye nchi zinazoandikisha mbwa.

Na kuna ubaya mwingine ndani ya hiyo hesabu, nani alimtambua huyo mbwa? Huko Marekani watafiti waliwachukua wafanyakazi wa vituo vya kutunza mbwa, watu wanaoona mbwa kila siku ya Mungu, wakawaambia taja bridi ya huyu, halafu wakapima DNA, na walikosea mara nyingi sana, mbwa anaitwa pitbuli kumbe hana hata tone la damu hiyo. Kama hao wanakosea, sembuse mama wa watu anayekimbia na ndala moja mkononi? Tena akili yetu ina kamchezo: mbwa akiuma tunamkumbuka mkubwa kuliko alivyokuwa, mweusi kuliko alivyokuwa. Halafu mwandishi wa habari anaandika vile alivyoambiwa, na kesho hiyo ndiyo takwimu.

Kitu kinachonichekesha ni vile hii lawama inavyohama. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye nyumba za Wazungu wakati wa ukoloni watakwambia kuhusu Alseshani. Huyo Alseshani ni jemani-shepadi yule yule, Waingereza walimbadilisha jina baada ya vita vya kwanza vya dunia kwa sababu kitu chochote cha Kijerumani kilikuwa kinanuka, na Alseshani likabaki ndilo jina lake kuu kwenye vitabu vyao rasmi mpaka 1977. Hata vile vijimbwa virefu vya miguu mifupi, daksihandi, vilitukanwa mitaani London ati ni vya adui. Australia wakakataza kuingiza jemani-shepadi kuanzia 1929, miaka zaidi ya 40, wakiogopa ataenda porini azaane na dingo, mbwa mwitu wa kwao, awamalize kondoo. Leo huyo huyo ndiye yuko na polisi nusu ya dunia, na hapa kwetu kijijini wakiibiwa ng'ombe kitu cha kwanza watu wanalilia mbwa wa polisi aje anuse, anapokelewa kama mganga. Akiwa na afande ni shujaa, akiwa nyuma ya geti la jirani ni muuaji.

Nchi zilizojaribu kutunga sheria kwa bridi zina mengi ya kutufundisha maana kuna mheshimiwa mmoja wa mtaa wetu tayari anazungumzia marufuku. Uingereza ilipitisha sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 ikawataja wanne: pitbuli, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Watu wanaoingia hospitali kwa kuumwa na mbwa hawakupungua, waliendelea kuongezeka. Halafu akaja XL Bully, dubwana kweli, alihusika kwenye vifo vingi vya miaka ya 2021 mpaka 2023 na mimi siwezi kuwacheka waliomwogopa, naye akaongezwa, ikawa kuanzia tarehe 1 Februari 2024 huwezi kuwa naye England na Wales bila cheti maalum. Lakini angalia wanavyomtambua. Hawapimi DNA. Wanaleta futi ya kupimia. Wanaangalia umbo la kichwa na mwili, na dume awe amefika sentimita 51 begani, jike 48. Maana yake ndugu wawili madume wa tumbo moja, mmoja ana 51 mwingine ana 49, wa kwanza ni silaha, wa pili ni mbwa tu wa nyumbani. Uholanzi walikuwa na marufuku ya pitbuli tangu 1993, wakaona kuumwa hakupungui, wakaifuta 2008. Denver huko Marekani walikataza 1989 na mwaka 2020 wananchi wenyewe wakapiga kura kuondoa.

Nije kwa wenye mbwa, maana hapa ndipo chuki inapohamia kwa wa miguu miwili. Yule kijana wa geti jeusi angekuwa mzee wa suti mwenye Prado watu wangesema mzee amejiwekea ulinzi. Kwa sababu ana rasta na michoro mkononi, mbwa yule yule anakuwa ushahidi kwamba ni muyaye, yaani mhuni, ana dili, ana bangi ndani. Wenye nyumba wengine hapa Kampala ukiwaambia una jemani-shepadi wanakata simu, ukiwaambia una mtoto mchanga na jenereta hawana neno. Kwa upande mwingine mzee maskini akitembea na mbwa watatu wa kienyeji anaitwa mlevi au mchawi. Na sisi Waislamu tuna yetu pia: mimi nimekulia Bombo kwa Wanubi, najua vile mtu mwenye mbwa anavyoangaliwa akija msikitini. Mate ya mbwa ni najisi kwenye madhehebu yetu ya Shafi, unaosha mara saba moja kwa udongo, hiyo iko wazi, lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na hakuna kitabu kilichosema rotwaila ana najisi kuliko koko.

Kuna hekaya nyingine ambazo lazima nizipitie haraka. Ati taya za pitbuli zinajifunga kama kufuli: hakuna kitu kama hicho, taya yake ni kama ya mbwa yeyote, yeye ni king'ang'anizi tu. Ati ubongo wa dobamani unakua mpaka unabanwa na fuvu anapata wazimu: uongo mtupu. Ati ukimpa mbwa nyama mbichi ataanza kutamani damu ya watu, basi paka wote wangekuwa wametumaliza. Ile ya kumlisha pilipili au bangi awe mkali, jamani, hiyo ni kumtesa mnyama, anachopata ni maumivu ya tumbo na hasira na wewe ndiye uko karibu.

Sasa nini kinafanya mbwa aume? Wiki za kwanza, kuanzia ya tatu mpaka kama ya kumi na nne, mtoto wa mbwa anajifunza dunia ikoje. Akikutana na watoto, wageni, boda, mtu wa mwavuli, anaandika kichwani kwamba hivi ni vitu vya kawaida. Sisi tunafanya nini? Tunamnunua ana miezi miwili, tunamtia kwenye kibanda cha mabati chenye giza, mchana kutwa haoni mtu, usiku tunamfungulia, tunamwita Simba au Saddam, halafu tunaandika MBWA KALI kwenye geti. Wengine hata mbwa hawana, ni kibao tu. Huyo mbwa hajawahi kuona mtoto anakimbia, siku geti likisahaulika wazi anaona kitu kidogo kinapiga kelele kinakimbia, unategemea nini? Ungemweka mbwa wa bridi yoyote duniani kwenye hicho kibanda ungepata matokeo hayo hayo, na hapo ndipo lori na dereva vinakutana, mbwa mkubwa aliyelelewa vibaya. Ongeza dume asiyehasiwa, mnyororo wa mita moja shingoni maisha yote, njaa, maumivu ambayo hakuna aliyeyaona, au jike mwenye watoto.

Na inaweza kwenda kinyume. Mwaka 2007 huko Marekani walikamata mbwa karibu 50 wa kupiganishwa kwenye mali ya mchezaji wa futiboli ya Kimarekani Michael Vick, pitbuli watupu, wengine wakasema waueni wote hawa hawatarekebishika. Wengi wao waliokolewa, baadhi wakakaa kwenye nyumba za watu na watoto, na wengine wakawa wanatembelea wagonjwa.

Hapa nyumbani mfano wangu ni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na miaka 12 kwa bomu lililobaki ardhini wakati wa vita, baadaye akasomea saikolojia, kisha akaanzisha mradi wa kuwaunganisha watu walioumizwa roho na vita vya kaskazini na mbwa. Wale wa ndoto mbaya, wale waliotekwa wakiwa watoto. Na mbwa anaowatumia si labrado wa kuletwa na ndege, ni hawa hawa wa kienyeji ambao sisi tunasema hawana akili, wa kutupiwa mawe. Wanapewa chanjo, wanahasiwa, wanafundishwa pamoja na mwenyewe. Mimi nikisikia mtu anasema kienyeji hafundishiki namuuliza umewahi kumfundisha wangapi.

Kitu kinachoniuma zaidi kwenye hizi kelele za bridi ni kwamba zinafunika kinachotuua kweli, kichaa cha mbwa. Virusi havisomi cheti cha ukoo. Karibu binadamu wote wanaopata kichaa, kama asilimia 99, wanakipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi, na watoto ni sehemu kubwa ya waathirika. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo unaukata ugonjwa. Asilimia 70 ya mbwa wote, yaani wa jalalani humo humo. Na ukiumwa osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, dakika 15 za kweli angalia saa, halafu nenda upate chanjo siku hiyo hiyo, usisubiri uone mbwa kama atakufa. Usiogope ile hadithi ya sindano kumi na nne za tumboni, hizo ni za zamani, siku hizi ni chache na wanadunga mkononi.

Mwenyekiti wetu wa LC, baraza la mtaa, aliitisha mkutano akasema kila mwenye mbwa alete kadi ya chanjo. Tulikuwa na mbwa kama ishirini pale zoni, hao wenye wenyewe. Kadi ilikuja moja. Ilikuwa ya geti jeusi, rotwaila, mihuri miaka minne mfululizo, na kijana aliileta kwenye bahasha ya plastiki ya kuhifadhia risiti zake za spea. Watu waliiangalia wakaipitisha mkono kwa mkono, hakuna aliyesema samahani.

Mbwa aliyeuma alikuwa jike wa kienyeji, mwekundu, alikuwa amezalia chini ya kontena la duka la chapati na hakuna aliyejua kwamba ana watoto. Yule mtoto wa jirani alipona, alipata sindano zake zote. Nilimkuta wiki ile nyingine anakula roleksi, ile chapati ya mayai, pale pale karibu na kontena, nikamuuliza kwani huyo mbwa hakunguruma kwanza? Akasema alinguruma, sana, mpira ulikuwa umeingia kule chini na yeye alikuwa ameshaingiza mguu anautafuta, ila alidhani anaongea na watoto wake.